Wanaopiga Hodi na Wasiopiga: Serikali, Simu Yako na Sheria za Uganda

Nilinunua karanga za shilingi 1,000 pale Busia, upande wa Uganda, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Mama muuzaji alikunja karatasi umbo la pembe, akamimina, akanipa. Karanga zilipoisha nikaikunjua ile karatasi, kama mtu asiye na la kufanya, nikaanza kusoma. Ulikuwa ukurasa wa daftari la wakala wa pesa za simu: tarehe, jina, namba, kiasi, sahihi. Mistari 18. Watu watatu nawafahamu, na mmoja wao ni jirani yangu, aliyekuwa ametoa shilingi 1,400,000 juma lile lile aliloniambia hana hata ya sukari.

Sikumwambia kitu. Lakini tangu siku hiyo, nikimsikia mtu akisema "mimi sina cha kuficha, wacha wasikilize", namkumbuka jirani. Si mhalifu. Alikuwa na pesa zake na sababu zake za kutotaka nizijue, basi.

Mazungumzo ya upelelezi hapa Uganda yamekuwa kama kapu la nguo chafu, kila kitu kimetupwa humo. Usajili wa laini, alama za vidole, kamera za barabarani, WhatsApp, sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, mtandao kuzimwa kila tukikaribia kura. Watu husema "wanatuchunguza", wakaishia hapo. Tatizo la kuishia hapo ni kwamba huwezi kujitetea, kwa sababu kila nguo humo ndani ina mwenyewe: nyingine ina sheria inayoiruhusu, nyingine sheria inaikataza, nyingine haina sheria yoyote. Mimi huzitenganisha kwa swali la kinyumbani. Huyu anayeingia, amepiga hodi? Na kama amepiga, ni nani aliyemwitikia "karibu"?

Swali hilo wala si langu. Ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 ni hodi iliyoandikwa kisheria: mtu asipekuliwe kinyume cha sheria, nyumba yake isiingiliwe kinyume cha sheria, na faragha ya nyumba yake, barua zake, mawasiliano yake na mali yake isivurugwe. Haki hiyo ina mipaka. Ibara ya 43 inaruhusu haki nyingi zibanwe kwa ajili ya haki za wengine au maslahi ya umma, ila inaweka sharti ambalo wanasiasa wetu hulisoma haraka haraka: ubanaji huo usizidi kile kinachokubalika na kinachoweza kuthibitishwa kuwa halali katika jamii huru ya kidemokrasia, na "maslahi ya umma" yasigeuzwe kibali cha kumwandama mtu kwa siasa zake. Anayetaka kuingia ndiye mwenye kazi ya kueleza kwa nini. Mwenye nyumba hana deni la maelezo.

Mlango wa jaji

Usiku wa tarehe 11 Julai 2010 watu walikuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa raga wa Kyadondo na kwenye mgahawa mmoja Kabalagala. Mabomu yakalipuka. Zaidi ya watu 70 walikufa, na al-Shabaab wakasema ni wao. Bungeni kulikuwa na muswada wa kunasa mawasiliano uliokuwa ukisuasua tangu 2007. Baada ya mazishi, haukusuasua tena: ulipita katika siku chache. Naanza na hili makusudi, kwa sababu ukiwatetea watu na faragha yao bila kuwataja waliokufa Kyadondo, utaonekana unatetea hewa. Hofu ilikuwa ya kweli. Ila sheria zinazopitishwa huku matanga hayajaanuliwa huwa na mashimo, na hii inayo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mkuu wa Majeshi, Mkurugenzi wa ujasusi wa ndani, yule wa ujasusi wa nje, au Inspekta Jenerali wa Polisi, akitaka kusikiliza simu yako au kusoma ujumbe wako, anakwenda kwa jaji aliyeteuliwa kwa kazi hiyo. Anaeleza sababu. Jaji akiridhika anatoa hati yenye muda maalumu, na kampuni ya simu inafungua mlango. Hapo hodi imepigwa, tena mbele ya mtu ambaye si mkubwa wala mdogo wa anayeomba. Kwenye karatasi, huu ndio mlango mzuri kuliko yote tuliyo nayo.

Sasa mashimo. La kwanza, jaji husikia upande mmoja tu. Hilo naweza kulielewa. Humwambii mtuhumiwa kwamba kesho utamsikiliza. La pili silielewi: hata mambo yakiisha, hata ikigundulika kwamba hukuwa na kosa lolote, hakuna anayewajibika kukuambia kwamba kwa miezi kadhaa kulikuwa na mtu wa tatu kwenye simu yako na mkeo. Usichokijua hukidai. La tatu, sisi umma hatutangaziwi hati ngapi ziliombwa kwa mwaka na ngapi zilikataliwa. Mlinzi wa geti la benki anaandika kila anayeingia. Mlango huu hauna kitabu ambacho mwananchi anaweza kukifungua.

Halafu kuna kitu ambacho watu hawakitilii maanani. Sheria hiyo inazilazimisha kampuni za simu zijenge mitambo yao kwa namna ambayo mawasiliano yanaweza kunaswa. Yaani fundi anaambiwa: jenga ukuta, lakini acha tundu, tutalitumia tukipata kibali. Tundu halijui kibali. Vilevile inaruhusu udaiwe ufunguo wa kile ulichokifunga kwa msimbo, na ukikataa umetenda kosa la jinai.

Na ndiyo iliyoleta usajili wa laini, ulioanza 2012. Kisha Machi 2017 afisa mkubwa wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, akauawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Mwezi uliofuata tukaambiwa kila laini ithibitishwe kwa namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya herufi na tarakimu 14 iliyo kwenye *Ndaga Muntu*, yaani kitambulisho chenyewe, na tukapewa siku saba. Foleni zile nazikumbuka. Wazee waliokuwa na simu ya tochi na laini ya kupokelea pesa za watoto walisimama juani, kwani bila kitambulisho simu ingekufa, na simu ikifa, pesa ya mwisho wa mwezi imekufa.

Hapa inafaa kutofautisha barua na bahasha. Barua ni maneno uliyosema. Bahasha ni nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, na simu ilikuwa karibu na mnara upi. Wengi huogopa barua kusomwa, wakasahau kwamba bahasha inasema mengi. Ukipiga simu ya kliniki mara tatu usiku, kisha dada yako, kisha wakili, hakuna haja ya mtu kusikia neno. Na laini ikishafungwa kwenye kitambulisho na alama ya kidole, kila bahasha ina jina lako, jina la baba yako na kijiji chako. Waliofuatilia kesi za mauaji katika Mahakama Kuu wanajua jinsi upande wa mashtaka unavyopanga karatasi za kampuni za simu kuonyesha mtu alikuwa wapi saa fulani. Wauaji wameshikwa kwa njia hiyo, sibishi. Nasema tu kwamba chombo hicho hakichagui mtu.

Mlango wa waziri

Kabla ya sheria ya 2010 kulikuwa na ya 2002, ya kupambana na ugaidi, na bado ipo. Humo hodi haipigwi kwa jaji. Waziri anamteua afisa wa usalama kwa maandishi, na afisa huyo anaweza kunasa barua, simu na barua pepe za mtu anayeshukiwa kwa ugaidi, kufuatilia mikutano yake, kuchungulia akaunti zake za benki. Sababu zinazoruhusiwa ni pana kama uwanja wa Kololo: maslahi ya umma, kuzuia uhalifu, hata kulinda uchumi wa taifa dhidi ya ugaidi.

Kwa hiyo nchi ina nyumba yenye milango miwili. Mmoja una jaji na karatasi za kujaza, mwingine una waziri, ambaye anakaa meza moja ya baraza na wale wanaotaka kuingia. Wewe ungekuwa ni afisa mwenye haraka ungepita wapi? Inatosha neno "gaidi" kutajwa, na neno hilo hapa kwetu limewahi kubandikwa wanasiasa wa upinzani waliokuwa na umati kuliko bunduki.

Wasiopiga hodi

Kwa wengi nchini Uganda, Kiswahili kilibeba bunduki kabla ya kubeba vitabu. Waganda wengi wa makamo walikisikia mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kinywani mwa askari. *Panda gari* lilikuwa jina la misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakizolewa mitaani na kupakiwa kwenye malori, wengine wasirudi. *Mayumba kumi* ulikuwa mpango wa enzi hizo hizo, kaya kumi zikiwa na mtu wa kuzitazama. Sisi tunaokitumia kuchumbia, kuuzia nyanya na kusalia, hutuwia vigumu kumweleza mtu wa Masaka kwamba lugha hii ina maneno mengine.

Basi usishangae kwamba operesheni kubwa ya udukuzi iliyowahi kufichuliwa hapa iliitwa *Fungua Macho*. (Mtu wa pwani angesema "fumbua", lakini majasusi hawafanyi mtihani wa sarufi.) Nyaraka zilizochapishwa Oktoba 2015 na shirika la Privacy International la Uingereza, pamoja na BBC, zilieleza kwamba baada ya uchaguzi wa 2011 na maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, jeshi na polisi walitumia programu ya kijasusi iitwayo FinFisher, bidhaa ya kampuni ya Gamma. Serikali ilikanusha.

Kinachonigusa si jina la programu, ni mahali ilipotegwa. Nyaraka zilitaja hoteli 21, Kampala, Entebbe na Masaka. Fikiria: mbunge, mwandishi wa habari au mfanyabiashara anafika mapokezi, anaomba nywila ya mtandao wa bure, anaiandika kwenye simu, anaona ujumbe wa kumkaribisha. Mtandao ule umetengenezwa ufanane na wa hoteli. Akibonyeza, programu inaingia. Tangu hapo kamera na kipaza sauti vya simu yake si vyake peke yake.

Watu huniuliza: si WhatsApp imefungwa kwa msimbo? Imefungwa, kweli, na njiani ujumbe hausomeki. Lakini programu ya aina hii haishughuliki na njia. Inakaa ndani ya simu yako, inasoma kwenye kioo kabla hujatuma, kama mtu aliyesimama nyuma ya bega lako. Kufuli la mlangoni halimsumbui aliye tayari chini ya kitanda.

Agosti 2019 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba mafundi wa Huawei waliwasaidia maafisa wa usalama wa Uganda kuingia katika mawasiliano ya WhatsApp ya Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani. Huawei ilikana, serikali nayo ikakana. Kisha Novemba 2021 Apple ikawatumia watumiaji kadhaa duniani onyo kwamba simu zao zinalengwa na wadukuzi wa kiserikali, na mmoja aliyesema amelipata ni Norbert Mao, wakati huo kiongozi wa chama cha upinzani cha DP. Mwezi uliofuata ikaripotiwa kwamba simu za wafanyakazi wa serikali ya Marekani walioko Uganda au wanaoshughulikia mambo ya Uganda zilikuwa zimeingiliwa kwa Pegasus, programu ya kampuni ya Israeli. Hakuna serikali iliyosema "ni sisi". Mao naye, Julai 2022, aliteuliwa Waziri wa Sheria na Katiba. Uganda ni nchi ya kuishi muda mrefu, utaona mengi.

Huu mlango wa tatu ndio unaoonyesha kwa nini ile milango miwili ya kwanza haitoshi kujadiliwa peke yake. Unaweza kuirekebisha sheria ya 2010 hadi ing'ae, lakini kama kuna chombo kinachoweza kununuliwa kikaingia kwenye simu bila kupitia kampuni ya simu, bila hati, bila daftari, basi jaji amewekwa kwenye lango ambalo hakuna anayelipita.

Kamera za barabarani ziko katikati. Hazijifichi, ziko juu ya nguzo. Baada ya Kaweesi kuuawa, rais aliagiza ziwekwe, na mkataba wa dola milioni 126 ukaenda kwa Huawei. Awamu ya kwanza ilifunika Kampala na pembezoni mwake kwa kamera zaidi ya 3,000, zikiwa na uwezo wa kutambua sura. Zinasaidia kumkamata mwizi wa pikipiki? Ndiyo, na bodaboda wa stendi yangu atakuapia. Lakini Novemba 2020, Bobi Wine alipokamatwa na maandamano kulipuka, watu zaidi ya 50 wakafa, na polisi walieleza wenyewe kwamba kamera zile zinatumika kuwasaka walioandamana. Kamera iliyonunuliwa kwa jina la Kaweesi iliishia kuwasaka watu waliokuwa mtaani. Na zilinunuliwa kabla ya sheria ya kulinda taarifa binafsi kuwepo. Tulijenga choo, kisha tukaanza kufikiria mlango.

Faragha ya mkubwa

Nikifika hapa wasikilizaji wangu huanza kusinzia, wakidhani tumeingia somo jingine. La hasha. Sheria za kubana midomo na upelelezi ni mtu na kivuli chake: bila ya kwanza, ya pili haina kazi ya kufanya asubuhi.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 ilikuwa na kifungu cha 25, "mawasiliano yenye kuudhi". Lilikuwa kosa kutumia mawasiliano ya kielektroniki makusudi na mara kwa mara kuvuruga amani, utulivu au haki ya faragha ya mtu. Soma tena: *haki ya faragha*. Neno lile lile la ibara ya 27. Mwandishi Kakwenza Rukirabashaija, aliyekamatwa Desemba 2021 kwa maandishi yake ya Twitter juu ya rais na mwanawe Muhoozi, alishtakiwa chini ya kifungu hiki. Alisema aliteswa kizuizini. Picha za mgongo wake zilionekana dunia nzima, naye akakimbilia Ujerumani. Kabla yake Dkt. Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 mwaka 2019, kwa shairi, chini ya kifungu jirani cha unyanyasaji wa mtandaoni. Mahakama Kuu ikamwachia Februari 2020.

Unaona kinachofanyika? Simu ya raia inafunguliwa kwa jina la usalama, na mdomo wa raia unafungwa kwa jina la faragha ya mkubwa. Neno moja linatumika kama chekeche, huku na huku, lakini chenga zinaangukia upande mmoja.

Tarehe 10 Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25, katika kesi ya Andrew Karamagi na Robert Shaka, majaji wakisema maneno yake ni mapana mno kiasi kwamba mtu hawezi kujua lini anatenda kosa. Tungeshangilia zaidi kama Bunge halingekuwa limeshatangulia. Oktoba 2022 rais alikuwa ametia saini marekebisho ya sheria hiyo hiyo, yaliyoletwa na mbunge wa Kampala ya Kati, Muhammad Nsereko. Yaliongeza makosa mapya: kauli za chuki, taarifa zisizoombwa, taarifa zenye nia mbaya. Adhabu zilizowekwa ni faini ya hadi shilingi milioni 15, au kifungo cha hadi miaka saba, na kwa baadhi ya makosa hadi miaka kumi. Hoja ya kuyatetea ilikuwa ni hiyo hiyo, kulinda faragha za watu. Julai 2024 kijana wa miaka 24 alifungwa miaka sita na mahakama ya Entebbe kwa video za TikTok za kumtusi rais na familia yake. Kwa wizi wa mbuzi angepata nafuu.

Kuzimwa kwa mtandao sitakueleza sana, ulikuwepo. Februari 2016, mitandao ya kijamii na pesa za simu siku ya kura, rais akisema watu wanatumia njia hizo kusema uongo. Julai 2018, kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kuingia Facebook au WhatsApp. Januari 2021, mtandao wote, karibu siku tano, na Facebook ikabaki imefungwa mpaka tukaizoea VPN, programu ya kuuzunguka mfungo huo, kama chumvi. Januari 2026, tena, siku mbili kabla ya kura ya tarehe 15. Sisi wa Busia hukaa karibu na mpaka, tunaweka laini ya Kenya, tunasogea mpaka minara ya ng'ambo isikike. Mwaka 2021 niliona watu wazima wamepanga mstari kwenye kichuguu nyuma ya soko, simu juu, kama wanaoomba mvua.

Pa kushika

Huwa wananiambia, ukishaeleza yote hayo, kwani mahakama zetu zinasaidia nini? Zinasaidia zaidi ya sifa tunazozipa, na kidogo kuliko inavyopasa.

Mwaka 2004 Mahakama ya Juu, katika kesi ya waandishi Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda, ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo. Jaji Joseph Mulenga aliweka kipimo ambacho mawakili hukirudia hadi leo: kulinda haki ndilo lengo kuu la Katiba, kuibana ni jambo la pekee linalohitaji sababu nzito. Mwaka 2010 kosa la uchochezi likafutwa. Mwaka 2008, katika kesi ya Muwanga Kivumbi, mahakama ilisema polisi hawana mamlaka ya kupiga mikutano marufuku. Bunge likairudisha nguvu hiyo kwa sheria ya 2013, mahakama ikaifuta tena Machi 2020. Januari 2025 Mahakama ya Juu ikasema raia wasishtakiwe katika mahakama za kijeshi. Kufikia Juni sheria mpya ilikuwa imetiwa saini kuwarudisha humo. Ukitazama miaka 20 hii, mahakama inakata, Bunge linachipuza, mahakama inakata tena. Inachosha. Lakini kila mkato huwapa watu pa kushika, na waliofungua kesi hizi wengi ni wananchi wachache wenye wakili mmoja na subira. Ibara ya 50 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa haki iliyovunjwa, hata kama aliyevunjiwa ni mwingine. Hiyo ni silaha adimu. Nchi nyingi zinakutaka kwanza uonyeshe jeraha lako mwenyewe.

Na kuna sheria ambayo hata mawakili wa mji wetu huisahau, ya utekelezaji wa haki za binadamu ya 2019. Inasema afisa aliyevunja haki ya mtu anawajibika yeye binafsi, pamoja na serikali, na kesi iliyojengwa juu ya uvunjaji wa haki inaweza kutupwa. Polisi akikutaka ufungue simu kituoni, maneno "naomba kuona hati ya mahakama" yana uzito zaidi akijua kwamba fidia inaweza kutoka mfukoni mwake. Sisemi uyaseme kwa ukali. Yaseme kwa "afande" mbele na "tafadhali" nyuma, na kama yuko mtu wa kushuhudia, mwache asikie.

Mwaka huo huo wa 2019 tulipata sheria ya kulinda taarifa binafsi. Inawafunga wanaokusanya taarifa zako, kampuni na taasisi za serikali, hata wakala mwenye daftari. Wachukue kwa sababu inayojulikana, wasizidishe, wasiziuze. Anayeziuza anaweza kufungwa hadi miaka kumi, na kampuni inaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Imeshang'ata: mwaka 2021 SafeBoda ilikutwa imewapa wengine taarifa za wateja bila kuwaeleza, na mwaka 2025 Google iliamriwa ijisajili kama wengine. Kasoro yake ni mbili. Usalama wa taifa umeachiwa upenyo, na ofisi inayoisimamia iko ndani ya NITA-U, taasisi ya serikali yenyewe. Inaweza kumkemea mpangaji. Kumkemea baba mwenye nyumba ni habari nyingine.

Hata hivyo nimeijaribu. Sheria inakupa haki ya kumuuliza yeyote mwenye taarifa zako: unazo zipi, na nani mwingine ameziona? Niliandika barua kwa kampuni moja ambayo huchukua alama yangu ya kidole kila ninapobadilisha laini. Niliandika kwa adabu, nikataja sheria, nikaacha nafasi ya sahihi na kuweka nakala kwenye faili. Nikangoja majuma matatu.

Jibu lilikuwa mstari mmoja. Nitume kwanza nakala ya kitambulisho changu cha taifa, mbele na nyuma, pamoja na picha ya uso niliyojipiga nimekishika. Nilikwenda kusoma sheria nikitafuta pa kuwabana, nikakuta kuhusu kitambulisho wako sawa: anayeomba lazima athibitishe yeye ni nani. Kuhusu ile picha ya uso sijaona kifungu. Barua ya pili nimeshaiandika, iko mezani hapa, chini ya kikombe.